Re: Meseji ya namba za +371 na +375 ni kweli au uzushi?

Dada, pole kwa hofu ya mama huko Tukuyu. Hiyo meseji aliyotumiwa kwenye grupu la vikoba, kwamba ukipokea simu za +371 na +375 wanakuibia majina na hela zote, imechanganya ukweli na uongo ndo maana watu wanaiamini. Matapeli wanaobipu wapo kweli, simu inaita mara moja inakatika, wanataka uingiwe na hamu ya kujua ni nani upige, ukipiga unaingia laini ya nje yenye gharama kubwa na hela yako wanagawiwa wao, wengine wanakuwekea muziki au mlio wa simu kuita ili ukae hewani tu. +371 ni Latvia, +375 ni Belarus, kama mama hana mtu huko asipige, aibloku.

Uongo ni pale wanaposema ukipokea tu wananyonya majina yaliyo kwenye simu na hela zote ndani ya sekunde 3. Kupokea simu hakutoi hela kwenye M-Pesa, inataka namba ya siri, na hapo ndo umkazie asimtajie yeyote hata anayejiita huduma kwa wateja, maana wazee wetu wanaibiwa sana hivyo na inaniuma kwa kweli.

Onyo lisilo na tarehe wala aliyelitoa, linalosema "tuma grupu zote", kopi sentensi moja utafute Google, halafu cheki kurasa za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) wenyewe. Namba za matapeli wa hapa nchini tuma 15040.

Kama alishapiga aangalie salio tu, hana haja ya kubadili laini.