Kibarua cha wikendi kilinilaza kikaoni

Juzi msomaji ameniandikia: "Kaka, nimeajiriwa Jumatatu hadi Ijumaa na mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Wewe vibarua vya wikendi ulivipataje?" Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Cha kwanza kilikuwa kumbebea mpiga picha wa harusi mataa na nyaya. Niliambiwa masaa sita. Lakini harusi haina saa: bibi harusi kachelewa, mvua imeshuka, mjomba kashika kipaza sauti haachii. Nilitoka nyumbani alfajiri nikarudi usiku wa manane, nauli juu yangu. Siku nilipogawanya malipo kwa masaa yote, ya kusubiri yakiwemo, nilikuta napata pungufu ya ninachopata nikiwa nimekaa ofisini. Na malipo ya harusi ya tatu sijayaona hadi leo. "Jumatatu, mdogo wangu," mpiga picha aliniambia. Simu zangu hapokei, ila picha za siku ile bado anajitangazia. Nimeshamsamehe. (Sijamsamehe.)

Jumatatu hiyohiyo nilisinzia kikaoni, mkuu wangu ananitazama. Ndipo nikautoa mkataba wa ajira na kuusoma kwa mara ya kwanza tangu niusaini: nitoe taarifa kwa maandishi kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Kumbe miezi yote ile nimekalia kaa la moto! Nikaandika barua, wakakubali, mradi nisiwafanyie kazi washindani wao. Someni mikataba yenu, ndugu zangu. Leo, si kesho.

Baadaye nikahamia kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Hapo masaa ni yangu, naanza nikitaka. Ila wengi hulipa kwa saa ya sauti iliyorekodiwa, si kwa saa ya kazi, na anayeanza hutumia masaa manne au zaidi kwa saa moja ya sauti. Wazungumzaji wakidakizana, ndiyo basi tena. Nilianzia Fiverr, mtandao wa kutafutia vibarua: wanakata asilimia 20, na hela ya mgeni hukaa siku 14 baada ya kazi kukamilika ndipo aitoe. Iliniuma, lakini ilifika. Wateja wawili nilionao sasa nimeunganishwa na mtu niliyesoma naye, baada ya mimi kuacha aibu na kusema wazi kwamba natafuta.

Kwa hiyo kijana, acha kurukia kila kinachong'aa. Hesabu masaa yote, ya njiani na ya kusubiri. Anayetaka ada ya usajili kabla hajakupa kazi, mkimbie. Omba malipo ya awali hata kama ni rafiki. Hasa kama ni rafiki. Na mkataba, nimesema, usome.

Jumapili sigusi kompyuta. Mteja akinibana namwambia Jumatatu jioni, na Jumatatu jioni anaipata kazi yake.