Neno Halibadiliki, Daftari Je?

SWALI: Bwana asifiwe, Mama Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Vijana wetu wanataka kila mara tukae tutathmini ibada, mafundisho ya ubatizo na jinsi tunavyopokea wageni. Neno la Mungu halibadiliki. Kwa nini tuhangaike na mambo yaliyokwisha kupangwa?

JIBU: Amina, mzee wangu. Neno halibadiliki, hapo tuko pamoja. Ila namna tunavyohudumia watu tumeipanga sisi, na sisi hukosea.

Soma Matendo sura ya 6. Mitume waliotembea na Yesu mwenyewe walikuwa na mgao wa chakula uliowaruka wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani. Manung'uniko yalipofika hawakuwaambia wajane wavumilie. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu 7, na majina ya wote 7 ni ya Kiyunani! Kwangu hilo lina uzito: kazi walipewa waliokijua kilio kile. Mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea.

Hata John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, kule Bristol, Uingereza, mwaka 1742, alikuwa anatafuta tu njia ya kulipa deni la jengo. Waumini waligawanywa kwenye vikundi vya watu kama 12, kiongozi akikusanya peni moja kwa kila mtu kwa wiki. Kupita majumbani kukawaonyesha viongozi hali halisi ya watu, na mkusanya fedha akageuka mlezi.

Nikueleze lililonigusa mimi. Nilipokuwa katibu wa kanisa, siku moja nilifungua daftari la wageni nikitafuta namba ya simu. Nikakuta mwandiko wa mama mmoja, Jumapili 3 mfululizo, kwenye safu ya maombi. Ya kwanza: "Mama yangu anaumwa." Ya pili: "Hali ni mbaya." Ya tatu: "Tumemzika Alhamisi." Jumapili ya nne hayupo. Daftari lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa rula, na hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kulisoma. Nililia, mzee wangu.

Tangu hapo mashemasi 2 hulisoma kabla hawajatoka kanisani, na kila aliyeandika hitaji hupigiwa simu kabla ya Jumanne.

Kaa na vijana wako. Kabla ya kugusa ratiba ya ibada, waulize: nani ameacha kuja, na nani kati yetu amemtembelea?