Shahada ya uhusiano wa kimataifa ina nafasi Kigoma?

SWALI: Ndugu Mshauri, nimemaliza kidato cha sita na ninatamani kusoma shahada ya uhusiano wa kimataifa, lakini baba anasema hayo ni masomo ya watoto wa mabalozi. Nifanyeje? – Msomaji, Ujiji.

JIBU: Mfikishie baba shikamoo yetu, kisha umwombe mfike pamoja bandarini Kigoma, ambako mizigo huvushwa kwenda Burundi na Kongo katika ziwa linalogawanywa na nchi nne, na ambako suala la mipaka, forodha na wakimbizi, kama wale wa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, si nadharia ya darasani. Shahada hiyo huchanganya historia, sheria, uchumi na siasa. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, ni miongoni mwa vyuo vinavyoifundisha. Hata hivyo, baba hajakosea kabisa, kwa kuwa nafasi za ubalozini ni chache mno. Kwa hiyo anza Kifaransa sasa (wengi hukiahirisha, wakajuta), maana ndicho kinachotumika katika ofisi nyingi za ng'ambo ya ziwa.