Mahindi ya meli, GMO na kinu cha posho: nini kinapimwa na nini hakionekani

SWALI: Nina kinu cha posho hapa Kayole na pia nauza unga wa kupima. Kila ukame ukizidi tunasikia mahindi ya GMO yanaletwa kwa meli, na wateja wananiuliza kama ndiyo haya ninayosaga. Wengine wanasema ya njano ndiyo GMO, wengine wanasema ukishasaga ubaya wake umekwisha. Nikiletewa magunia kutoka soko la nafaka la Nyamakima nitayatambuaje? Na nikiuza unga wake, sheria inanitaka nini? (Mama mwenye kinu, Kayole)

JIBU: Kwa macho hutayatambua, Mama, wala kwa kushika wala kwa kuonja. Punje ya GMO, yaani ya mmea uliobadilishwa vinasaba maabarani, ina rangi, uzito na harufu ya punje nyingine yoyote ya mbegu ya jamii yake. Unjano haumo kabisa katika habari hii. Rangi hiyo inatokana na karotini, mali ya asili ya mahindi, ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini A. Walioiona njaa ya 1984 wanayakumbuka mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje, na hofu ya leo imejengwa juu ya kumbukumbu hiyo. Lakini mahindi ya GMO yalianza kulimwa kibiashara Marekani mwaka 1996, miaka 12 baadaye. Na weupe nao si cheti: Afrika Kusini hulima mahindi meupe ya GMO kwa wingi, na tunapotafuta mahindi meupe nje ya Afrika Mashariki, ni miongoni mwa nchi chache zenye ziada. Meksiko, tuliyoagiza kwake mwaka 2017, huuza meupe yasiyo ya GMO. Rangi ile ile, asili tofauti.

Tofauti iko ndani ya punje, na kwa kawaida ni moja kati ya mbili, au zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni jeni iliyotolewa kwa bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, ndiyo maana mahindi hayo huitwa Bt. Mmea hutengeneza protini inayomuua funza wa mabua. Protini hiyo hufanya kazi katika utumbo wa kiwavi, wenye hali ya magadi, kwa kujishikiza mahali ambapo utumbo wa binadamu hauna. Tumboni mwetu kuna asidi, na humo humeng'enywa kama protini ya maharagwe. Jeni ya pili huufanya mmea uvumilie dawa ya magugu ya glifosati. Hapa ndipo mwenye wasiwasi anastahili kusikilizwa kwa makini zaidi, kwa sababu swali linakuwa la mabaki ya dawa. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka glifosati mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Wadhibiti wa Ulaya na Marekani walifikia uamuzi tofauti. Ila dawa hiyo hutumiwa pia katika mashamba yasiyo na GMO, kwa hiyo kipimo cha mabaki kiombwe kwa shehena yoyote, iwe na jina gani.

Mkanganyiko wa sheria nao una historia yake. Marufuku ya Novemba 2012 ya kuingiza chakula cha GMO Kenya ilikuja miezi miwili baada ya utafiti wa panya uliofanywa Caen, Ufaransa. Panya walikuwa 200, lakini waligawanywa katika makundi ya 10 tu, tena wa ukoo unaoota uvimbe wenyewe uzeeni. Jarida liliuondoa utafiti huo mwaka 2013, marufuku ikabaki. Baraza la Mawaziri liliiondoa tarehe 3 Oktoba 2022, misimu ya mvua ikiwa imeshindwa mfululizo, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza nia ya kuruhusu magunia milioni 10 bila ushuru, ya GMO na yasiyo ya GMO. Mahakama ikasimamisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaitupa kesi, kisha Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena hadi rufaa isikizwe. Kwa hiyo kabla hujanunua mahindi yanayosemwa ni ya GMO, uliza Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia hali ilivyo wiki hiyo. Neno la dalali wa Nyamakima halitoshi.

Ukitaka jibu la hakika kuhusu gunia lililo mbele yako, ni kupima. Kipo kipimo cha haraka cha vijikaratasi: unasaga punje, unakoroga na maji, unatumbukiza karatasi na kusubiri dakika chache mstari utokee. Kasoro yake ni kwamba kila karatasi hutafuta protini moja tu. Ya Bt ya aina moja haitaona Bt ya aina nyingine, wala haitaona ile jeni ya dawa ya magugu. Kipimo cha maabara kiitwacho PCR hutafuta vinasaba vyenyewe, na hapo uliza swali ambalo wengi hawaulizi: mnatafuta alama zipi? Mbili za kawaida huitwa 35S na NOS. Mahindi ya MON810, ambayo ndiyo aina ya Bt iliyofanyiwa majaribio na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, hapa nchini, yana 35S lakini hayana NOS. Maabara iliyotafuta NOS peke yake itakuandikia "hakuna" mahali penye kitu.

Sampuli nayo ina hesabu yake. Tuseme punje 1 kati ya 100 ni ya GMO. Ukichota punje 50 kutoka gunia moja na kuzipima, mara 6 kati ya 10 hutakuta hata moja. Ukichukua punje 300, ambazo ni kama gramu 100, utakuta angalau moja mara 95 kati ya 100. Lakini punje hizo 300 zitoke kwenye magunia yote ya shehena, juu, katikati na chini, zichanganywe vizuri ndipo zihesabiwe. Ukichota konzi moja mdomoni mwa gunia, unalopata ni habari za mdomo wa gunia tu.

Sasa hilo la kusaga. Kusaga hakuondoi jeni wala protini. Kunaondoa uhai wa punje, nalo si jambo dogo. Punje ya chakula ikipandwa huota, na ukame ukiisha kuna mkulima asiye na pesa za mbegu atakayeingia Nyamakima kununua gorogoro mbili za kupanda. Ikiwa mahindi hayo yametoka kwenye shamba la chotara lenye nakala moja ya jeni, karibu robo tatu ya mimea itakuwa nayo na robo haitakuwa nayo. Mavuno yatashuka kama yanavyoshuka ya chotara yoyote iliyorudiwa, chavua itaruka hadi kwa jirani, na funza watapata shamba lenye sumu iliyotawanyika ovyo ambamo wanaweza kujifunza kuivumilia. Afrika Kusini funza wa mabua waliizoea Bt ya MON810 katika muda usiofika miaka 10, huko ambako mbegu iliuzwa kwa utaratibu. Ndiyo sababu katika njaa ya 2002 Zimbabwe na Msumbiji zilitaka mahindi ya msaada yasagwe kwanza, na Zambia chini ya Rais Levy Mwanawasa ikayakataa.

Kwa maoni yangu, mahindi ya GMO yakiruhusiwa wakati wa njaa, yasagwe Mombasa kabla ya kupanda lori. Najua hilo linakuumiza wewe, Mama, kwa sababu unga ukishafungwa bandarini kinu cha mtaani hakina kazi. Lina gharama nyingine pia: unga uliosagwa na kiini chake huchacha baada ya wiki au miezi michache kwa sababu ya mafuta ya kiini, ilhali punje kavu hukaa mwaka. Bado naona ni nafuu kuliko kumwaga mbegu isiyojulikana katika mashamba ya Machakos na Kitui. Na wanaosema kuagiza mahindi ya GMO ni njia ya haraka wakumbuke hesabu. Magunia milioni 10 ya kilo 90 ni tani 900,000, yaani meli 30 za tani 30,000 kila moja, na sheria inaipa Mamlaka kati ya siku 90 na 150 kuamua ombi moja. Ombi likipelekwa siku watu wameshaanza kulala njaa, limechelewa.

Kuhusu wajibu wako: kanuni za lebo za 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe hivyo. Mteja akikuletea debe lake ukamsagia, hujauza kitu. Ukinunua, ukasaga, ukapima kwa mizani na kuuza, wewe ni muuzaji. Dai nakala ya kibali cha Mamlaka, cheti cha KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea) na matokeo ya maabara ya shehena hiyo hiyo, ukiangalia kama namba ya shehena kwenye karatasi inalingana na ya kwenye magunia. Weka kilo moja ya kila shehena katika mfuko wa karatasi, juu yake tarehe na jina la aliyekuuzia, mahali pakavu. Likizuka swali miezi mitatu baadaye, huo mfuko ndio utakaokutetea. Adhabu chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 inafika faini ya shilingi milioni 20, kifungo cha miaka 10, au vyote viwili.

Lakini lipo jambo ambalo wateja wako hawakuuliza, na ndilo linaloua. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa hapa hapa, hayana GMO hata chembe. Yalikuwa na sumukuvu, ile tunayoiita aflatoksini, kwa sababu yalihifadhiwa yakiwa hayajakauka. Sumu hiyo haifi jikoni: ugali hauvuki nyuzi 100 hivi, na aflatoksini huanza kuvunjika zaidi ya nyuzi 200. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kwa aina ya B1 ni 5.

Mahindi ya meli yana hatari yake ya pekee. Yanaweza kupakiwa yakiwa na unyevu unaofaa wa asilimia 13.5 na bado yakaoza njiani. Punje zenye joto zikikutana na ukuta wa chuma uliopoa, unyevu huhama kutoka katikati kwenda pembeni na juu, ukageuka jasho na kudondoka. Katikati ya shehena ni safi, pembeni kuna tabaka lililoshikana kama keki. Likichotwa na kuchanganywa na mengine, huoni tena. Lori linaletwa Nairobi likiwa na sumu iliyosambazwa vizuri. Kwa hiyo cheti cha bandari yalikotoka hakitoshi. Kipimo kifanyike baada ya kushusha.

Wewe mwenyewe unaweza kupima unyevu kwa chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo ya mililita 750 iliyokauka kabisa, jaza mahindi thuluthi moja, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga. Tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, usipokee. Ikibaki kavu na kuanguka chini, uko chini ya 15, ila hujui kama umefika 13.5, hivyo usiyarundike muda mrefu bila kupima kwa mashine. Fanya hivyo kwa magunia mbalimbali, ukichota kwa bambo hadi katikati ya gunia, na ufanye kabla lori halijaanza kushusha, maana yakishaingia stoo kuyarudisha ni vita.

Sumukuvu yenyewe haina kipimo cha chupa. Punje chache mno zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, kwa hiyo sampuli ya kilo kadhaa hukusanywa, husagwa yote pamoja, ndipo sehemu ndogo ya unga huo hupimwa. Anayepima punje nzima chache anabahatisha. Ukiokota na kutupa zilizovunjika, zenye ukungu na zilizosinyaa unapunguza sumu kwa kiasi, na kukoboa kunapunguza zaidi, kwa sababu sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini.

Hapo ndipo penye mtego wa mwisho kwa mwenye kinu. Sumu iliyotoka kwenye unga imehamia kwenye pumba. Pumba za shehena iliyofeli ukimuuzia mfugaji wa Ruai au Kiambu, ng'ombe atazila na sehemu ya sumu itatokea kwenye maziwa ikiwa na umbo la M1, ambalo kuchemsha maziwa hakuliondoi. Maziwa hayo yanarudi Kayole kwenye chai ya watoto. Shehena ikifeli, ikatae nzima kabla haijashuka, na iliyokwisha kukobolewa usiuze unga wake wala pumba zake.