Windows 7 kwenye mashine ya steshenari

Kaka wa Mwanga, umeuliza uhangaike nini na Windows 7 wakati mashine haijawahi kukusumbua. Inafanya kazi, sikatai. Ila Microsoft waliacha kuwapa watumiaji wa kawaida viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya programu, Januari 14, 2020. Tundu linalogunduliwa leo linabaki wazi, na antivairasi hailizibi.

Mei 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote na kudai pesa, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi! Wengi walioumia hawakukiweka. Wewe hata cha kuweka huna.

Na kwako ndiko naogopa zaidi: flashi za Ujiji nzima zinachomekwa hapo, zina vyeti na namba za NIDA za watu waliokuamini. Windows 10 nayo iliacha kupewa viraka vya kawaida Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine haibebi 11, weka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni bure, ila jaribu kwanza kama printa inakubali. Kwa sasa itoe kwenye intaneti, na nakala za mafaili ziweke kwenye diski ya nje ambayo huiachi imechomekwa.