Hedhi ikikoma, mifupa haikusubiri uumwe

Mdogo wangu, umesema una miaka 51, hedhi ilikoma mwaka jana, magoti yanauma, na kuna mtu anakuuzia vidonge vya kalsiamu kwa bei ya kutisha. Mimi nimeshavuka 60 na haya yamenikuta, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Magoti yaweke kando kwanza. Goti likiuma, mara nyingi shida ni ya kiungo chenyewe. Mfupa unaodhoofika hauumi, hauvimbi, hauleti homa. Ndiyo maana nakuwa mkali nikisikia mama anasema, "Siumwi popote, mifupa yangu mizima."

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yetu yote, na homoni ya estrojeni ndiyo inayozuia ubomoaji usizidi. Ovari zikiacha kuitoa, ubomoaji unashinda. Kasi ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo: mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake ndani ya miaka 5 hadi 7 baada ya hedhi kukoma. Wewe uko humo humo sasa hivi.

Mimi niliteleza jikoni kwenye maji ya kuoshea vyombo, nikajikinga kwa mkono. Sikuanguka ngazini wala kwenye bodaboda, nilianguka nikiwa nimesimama tu, lakini mfupa wa juu kidogo ya kiganja ukavunjika. Nikafungwa hogo, nikaambiwa, "Pole mama, ni utu uzima." Hakuna aliyeniuliza hedhi ilikoma lini, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mtu akivunjika kwa kuanguka kidogo namna ile ni lazima mifupa yake ichunguzwe.

Aliyeshtuka ni daktari mwingine, baadaye. Alinisimamisha ukutani bila viatu, akanipima urefu, kisha akalinganisha na kadi yangu ya zamani ya kliniki ya wajawazito. Nilikuwa nimepungua sentimita 4. Pingili za mgongo zilikuwa zimeanza kubonyea bila mimi kujua. Kibyongo cha bibi zetu mara nyingi huanzia hapo. Akanituma kipimo cha DXA, eksirei ya kupima uimara wa mifupa. Unalala kitandani na nguo zako, mashine inapita juu yako, haiumi. Jibu hulinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya; likiwa -2.5 au chini zaidi, mifupa imeshadhoofika sana. Langu lilikuwa -2.7.

Natumia alendronate, dawa ya kupunguza ubomoaji wa mfupa, ya miligramu 70, mara moja kwa wiki. Unaimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, halafu hulali wala hunywi chai kwa nusu saa, maana dawa hii ikikwama huunguza umio. Homoni za kurudishia nazo hulinda mifupa, ila kama umewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda, mwambie daktari kabla ya yote.

Kalsiamu peke yake haizuii kasi hiyo ya mfupa kubomoka. Unahitaji takriban miligramu 1,200 kwa siku, na sehemu kubwa unaipata jikoni: glasi ya maziwa au mtindi ina karibu 300, na dagaa uwale na mifupa yao. Mchicha ni mboga nzuri, lakini kalsiamu yake mwili huchukua kidogo. Ongeza jua, na kutembea kwa miguu au kupanda ngazi. Mfupa unataka kubeba uzito.

Kwa hiyo huyo muuzaji mwache kwanza, nenda ukamwone daktari. Mweleze kama mama yako aliwahi kuvunjika nyonga, kama umetumia prednisolone (dawa ya steroidi) kwa miezi 3 au zaidi, au kama unatumia ARV zenye tenofovir (usiziache, mwambie tu). Kipimo cha DXA hakipo kila mahali, ulizia hospitali kubwa.

Halafu utujibu hapa: hedhi yako ilikoma yenyewe, au ulitolewa ovari? Kama ulitolewa, usikae, nenda wiki hii.