Niliongezewa masaa ya kazi nikabaki na hela pungufu

Kama uko Uingereza na unaishi hosteli ya wenye kuhitaji msaada, au kaunsili (halmashauri ya eneo lako) imekuweka kwenye makazi ya muda, soma hii kabla hujamwambia bosi "sawa, niongezee masaa". Mimi nilisema sawa bila kupiga hesabu, ikanitokea puani.

Ilikuwa 2025, nafanya usafi maofisini masaa 11 kwa wiki kwa kima cha chini, pauni 12.21 kwa saa, yaani kama pauni 582 kwa mwezi. Universal Credit (UC), hela ya serikali ya kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, kwa mtu mmoja wa miaka 25 na kuendelea ilikuwa pauni 400.14, na kama huna mtoto wala ugonjwa unaokuzuia kufanya kazi unakatwa peni 55 kwa kila pauni ya mshahara, kuanzia ile ya kwanza kabisa. Kwa hiyo UC ilikuwa inabaki pauni 80 hivi, jumla mkononi 662. Chumba kilikuwa kinalipwa chote na Housing Benefit, yaani hela ya msaada wa kodi ya nyumba kutoka kaunsili, maana kodi ya hosteli za aina hii haiingii kwenye UC. Meneja akanipandisha mpaka masaa 15, nikafurahi jamani, hadi nikampigia mama simu.

UC ikasoma sifuri. Hiyo nilikuwa naitegemea, nikasema potelea mbali, si nafanya kazi. Siku kadhaa mbele narudi shifti ya alfajiri nakuta bahasha imepenyezwa chini ya mlango, kuifungua, eti kuanzia sasa nichangie kodi ya chumba pauni 56 kila wiki. Nilikaa kitandani na koti langu sijalivua, nikaisoma mara tatu.

Kwa kanuni za 2025 ilikuwa hivi. Ukiwa bado unapokea UC, hata ya pauni moja, kaunsili haihangaiki na mshahara wako, inalipa Housing Benefit yote. UC ikifa tu, kaunsili inarudi kwenye fomula yake ya zamani: kwa mtu kama mimi ilikuwa inaniachia kama pauni 97 za mshahara wa wiki, halafu kila pauni inayozidi hapo inachukua peni 65. Mshahara wangu ulifika kama 794 kwa mwezi, toa kodi ya chumba 242, nikabaki na kama 550. Masaa manne zaidi kila wiki, pungufu ya pauni 110 kwa mwezi! Na kodi usipolipa ni deni, na deni hosteli ndio mwanzo wa kuambiwa ufungashe.

Anayepanga nyumba ya kawaida hesabu yake si hii, kwake hela ya kodi iko ndani ya UC na makato ni yale yale ya peni 55, akiongeza masaa anabaki na kitu japo kidogo. Ndio maana ushauri wa rafiki aliyepanga flati unaweza kukuponza ukiwa hosteli. Halafu kuna wale bado wanakuambia "usivuke masaa 16", hiyo wameirithi enzi za Tax Credit, msaada wa zamani wa wenye kipato kidogo uliofungwa Aprili 2025. UC haihesabu masaa, inaangalia hela iliyoingia. Pa kuogopa zaidi ni Carer's Allowance, hela ya anayemhudumia mgonjwa au mlemavu: mwaka huo kikomo kilikuwa pauni 196 kwa wiki baada ya makato, ukizidisha hata pauni moja, hela yako ya wiki hiyo yote imekwenda.

Hesabu ya kufanya, kama nawe unakatwa kuanzia pauni ya kwanza, ni nyepesi tu. Chukua UC yako kabla ya makato, gawa kwa 0.55. Yangu ilitoka pauni 727, hapo ndipo UC inapokufa, sawa na masaa kama 59 kwa mwezi. Na wanaolipwa kila wiki muwe macho na mwezi wenye mishahara mitano, unaweza kuvuka bila kuongeza hata dakika. Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri, wanakufanyia hesabu bure, nenda na salari slipu na barua ya kodi ya chumba. (Kama viza yako hairuhusu fedha za umma usiombe chochote kabla hujaongea na mtu wa sheria za uhamiaji.)

Mimi nilirudi kwa meneja nikaomba anishushe mpaka masaa 13. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, nani anaomba kupunguziwa kazi? Lakini kwa masaa 13 mshahara ulikuwa 688 na UC ikabaki pauni 21, na hizo 21 ndizo zilikuwa zinanilipia chumba. Nikakaa hivyo miezi saba hadi nikapata flati yangu, na wiki ile ile ya kuhamia nikamwomba meneja masaa yote aliyonayo.